Ugali wa Kwapani

Mume wangu alimleta mbwa yule ndani ya tenga la kuku, kutoka Kagongwa, kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja ambaye mbwa wake jike alikuwa amezaa nyuma ya stoo. Jike lenyewe lilijulikana Kagongwa nzima. Ukipita upande wa stoo bila shughuli ya maana, unarudi nyumbani na suruali pungufu. Mume wangu akasema ndiyo sababu amemchukua huyu mtoto wake, maana ukali uko kwenye damu. Akalifungua tenga katikati ya ua. Kikatoka kitu cha rangi ya majivu, tumbo kubwa, miguu inatetemeka, kikakojoa pale pale.

"Huyu ndiye mkali?" nikamwuliza.

"Ngoja akue."

Sikubishana. Mwaka ule sikuwa na hamu ya kubishana na mtu, na wanaonijua watakwambia hilo peke yake lilikuwa ugonjwa. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya msimu uliotangulia. Zamani kila mji ulikaa peke yake, na ua wake wa minyaa, na ng'ombe wake, jirani unamwona kwa moshi tu. Kule tulikoletwa nyumba zilipangwa mistari, milango inatazamana, mtu akikohoa kwake unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Mvua za kwanza zikaja na surua. Ilipita mistari yote. Kwangu ilimchukua binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea kwa kushika kuta.

Baada ya hapo nilikuwa gogo. Nilikwenda shamba la pamba, nikapalilia, nikarudi. Nikapika, nikala, chakula hakina chumvi wala hakina ukosefu wa chumvi. Watu waliokuwa wakiniita kwa jina la mtoto sasa walianza, "Mama...", halafu wanakwama hapo, wanaangalia chini. Nilikuwa nawaitikia hivyo hivyo kabla hawajamaliza, yaishe.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe. Mume wangu alikuwa kibarua kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga mjini, anakuja mwisho wa mwezi. Mama mkwe nilimwita mayu, kama tunavyoita mama kwa Kisukuma, na alikuwa mayu kweli. Yeye ndiye aliyenisaidia kumwosha mtoto siku ile. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia na yalikuwa mekundu pyu, kwa sababu kwetu miti ilikwisha zamani na tunapikia samadi iliyokauka, na mwanamke aliyepuliza moto wa samadi tangu usichana wake mpaka anapata wajukuu, unataka macho yake yawe rangi gani?

Lakini miaka ile, kwetu, macho mekundu kwenye uso wa bibi kizee yalikuwa kesi ya uchawi. Hawakuambii usoni. Wanasema kisimani, ukifika wananyamaza, wanakusogezea ndoo kwa heshima kubwa. Walikuwa wanasema bibi yule amemla mjukuu wake. Mimi nilisema ni surua. Mganga wa zahanati alisema ni surua. Nyumba nyingine zilizika watoto wiki ile ile, na bibi zao wengine walikuwa na macho meupe kama maziwa, lakini nani alitaka kusikia hayo? Nilisema mpaka mdomo ukanichoka.

Halafu kijiji cha upande wa pili wa mbuga bibi mmoja akakutwa uani kwake amekatwa mapanga. Wakazika. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, na nyumba zimebanana vile vile kama zetu. Tangu siku hiyo mayu aliacha kulala sawasawa. Alikuwa anakaa ameegemea mlango kwa ndani, na asubuhi namkuta hapo hapo, shingo imepinda. Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi akamkuta hivyo. Mwisho wa mwezi uliofuata akaja na mbwa.

Kumlea mbwa mkali ni kazi yenye taratibu zake, na mayu alizijua zote. Kwanza mbwa asishikwe na mkono wa mtu mwingine mpaka abadilishe meno. Akija mgeni, mbwa anafunikwa chini ya tenga, asione, asizoee. Na ili amjue mwenyewe, unachukua donge la ugali, unalibana kwapani mpaka lipate jasho lako, ndipo unampa. Akishakula jasho lako, wewe ni wake na yeye ni wako, hata ukikaa miaka akikuona atakujua. Mayu alikuwa analibana donge lake asubuhi, mikono imekunjwa, anatembea huku na huku uani kama askari, na mtoto wa mbwa anamfuata nyuma akiruka pindo la kanga.

"Na wewe bana lako," akaniambia.

"Mimi sina jasho siku hizi, mayu."

"Hata mfu ana jasho. Bana."

Nikabana. Yule mbwa alikula mkononi kwangu, meno yake kama sindano, akamaliza akaramba vidole kimoja kimoja. Akapanda mapajani, akajizungusha, akalala. Uzito wake ulikuwa karibu na uzito niliouzoea. Nilikaa nikisubiri kusikia kitu moyoni, uchungu, au hasira, chochote. Wapi. Miguu ikafa ganzi, nikamweka chini, nikaenda kuchota maji.

Ikaenda hivyo mpaka alipoanza kunguruma. Sauti ilikuwa ndogo, lakini tenga lilikuwa linatikisika kila mtu akipita njiani. Mayu alikuwa akisikia mngurumo ule anafurahi waziwazi, anapiga makofi. Akaanza hata kulala. Nilimsikia anakoroma, na kwa kweli ilikuwa nafuu, maana mtu asiyelala anamchosha hata anayelala.

Tatizo likaanzia kwenye mstari wa nyuma. Mzee mmoja alikuwa na mbwa aliyelelewa hivyo hivyo, mbwa wa tenga, mbwa wa mji wa zamani ambako mgeni anaonekana akiwa bado upande wa pili wa mbuga. Sasa huku mgeni ni kila mtu, saa zote. Mtoto wa jirani alipita mlangoni kwake na ndoo kichwani, njia ya kisimani hiyo hiyo, hakuna nyingine. Mbwa akamrukia akamrarua shavu. Walimpiga mbwa kwa marungu hadi akafa, na jioni tukaitwa mkutano ofisi ya kijiji. Wazee wakasema, akina mama wakasema, mzazi wa yule mtoto akalia. Ikapitishwa kwamba mbwa yeyote asiyezoea watu auawe.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kwangu kesho yake. Alikuwa mtu mpole, rika la mume wangu, ananiita shemeji. Tenga likanguruma kabla hajakaa.

"Shemeji, unaona mwenyewe."

"Naona."

"Mimi sipendi kuua mnyama wa mtu. Lakini nikimwacha huyu, kesho ataniuliza mwenye mtoto."

"Mayu hataki azoeshwe."

Akamwangalia mayu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mlenda kwa kupapasa. Akapunguza sauti, kana kwamba mwenye macho mabovu hasikii. "Mtoto wa mbwa bado mdogo, shemeji. Mzungushe. Na ukitaka iwe haraka, si mnajua ugali wa kwapani? Basi kila nyumba kwenye mstari imbanie donge lake. Atatujua sote. Hatamwuma mtu hata mmoja."

Nyie! Hata mimi niliyekuwa gogo niliona hiyo ni akili. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba dawa ya mwenye mbwa mmoja inaweza kugawiwa kijiji kizima. Balozi akaondoka. Mayu aliendelea kuchambua mlenda, majani anatupa, vijiti anaweka kwenye chungu.

"Mwanangu," akasema, "unafikiri watakaokuja kwangu na mapanga watatoka Bukoba?"

Nilimwelewa. Sitaki mtu aseme sikumwelewa. Lakini yangefanyika nini? Ningemficha mbwa, angeuawa wiki hiyo hiyo, na mayu angerudi kukaa mlangoni. Ningemzoesha, angalau angekuwa mbwa, yupo, mgeni kutoka mbali angemwona. Nilimweleza mayu hivyo. Akasema, "Haya. Bora awepo." Akanipa vijiti vya mlenda niviangalie kama ni majani.

Nikaanza kumzungusha. Jioni nikitoka shamba nampakata, naanza nyumba ya kwanza. "Hodi hapa." "Karibu." "Nimeleta mbwa awajue." Wananipa kigoda. Mwanzoni alikuwa anajificha kwapani kwangu na kukojoa, nguo zangu zote zilinuka mkojo wa mbwa, nikawa nazunguka hivyo hivyo. Wenye nyumba walikuwa wanacheka wakibana madonge, baba mzima amekunja mkono kama kuku aliyevunjika bawa, watoto wanagombania nani aanze. Kisha wanampa. Nilikuwa nawaambia wasimshike kichwani kutokea juu, wachuchumae, wamwache anuse kwanza. Niliona mwenyewe kwamba ukimjia kutokea juu anafumba macho na kujikaza, ukimjia kutokea chini anakuja.

Nilimshika kila mahali ili azoee kushikwa. Masikio, ndani ya mdomo, katikati ya vidole vya miguu, mkia. Kila siku, kama mtu anayesuka mkeka, mkono unakwenda wenyewe. Watoto waliruhusiwa kumvuka kwa kuruka. Akiogopa tunaacha, akitulia tunaanza tena. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa na baiskeli, akawa anaizungusha tairi taratibu mbwa akiangalia, kisha kwa kasi kidogo, mpaka mbwa akawa analala karibu yake. Kilichotushinda siku nyingi ni mashine ya kusaga. Ikiwaka tu, anageuka jiwe, kinyesi kinamtoka. Nikawa nakaa naye mbali, upande wa shule, nikimpa vipande vya michembe, viazi vilivyokaushwa, na kila siku tunasogea. Mwenye mashine alisema, "Mama huyu ana subira." Haikuwa subira. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Na watu walianza kusema nami. Kitu hicho ni kweli, sitakificha. Ukiwa na mtoto wa mbwa mikononi, mtu ana cha kuuliza. Amekula? Ameongezeka, eeh? Kisimani waliacha kunyamaza nilipofika. Mwanamke mmoja aliyepoteza mapacha wakati ule wa surua alimweka mbwa mapajani akamkuna tumbo, na tukakaa pamoja mpaka kuku wakaingia ndani. Nilifikiri, labda na ile habari ya macho imekwisha. Niliona wanamwamkia mayu wakipita: "Mwangaluka, mayu!" Naye anaitikia "mwangaluka" kwa sauti nzuri, uso umegeukia mahali sauti ilipotoka, na vidole vyake vimeshika ukingo wa kigoda.

Mbwa akabadilisha meno. Akakua, miguu mirefu, kifua kikubwa kama mama yake wa Kagongwa. Hakuwa wetu tena hasa. Asubuhi alikuwa anatoka anaanza nyumba ya kwanza, anapita zote, kila mlango ana kipande chake, anarudi mchana tumbo limejaa kulala mlangoni kwa mayu. Mbwa wa kijiji kingine akipita anambwekea mpaka anavuka mbuga. Mtu wa mstari wetu akipita, mkia.

Kisha mvua zikachelewa. Pamba ikasimama magotini, ikakunja majani. Ng'ombe wa nyumba mbili wakafa. Sauti za kisimani zikaanza tena kunyamaza nilipofika, taratibu tu, kama mtu anayepunguza taa. Nilijua wanasema nini. Nikamwandalia mayu uji, nikamwambia watu wana njaa, maneno yatapita. Akasema, "Eeh."

Asubuhi moja niliamka nikakuta mbwa amelala mlangoni anatafuna kichwa cha samaki mkavu. Sisi hatukuwa na samaki. Nikamwangalia, akatikisa mkia, akaendelea. Nilipoinua macho nikaona mwimo wa mlango. Ulikuwa umekatwakatwa kwa panga, usawa wa kichwa changu, mikato mipya, mti umebaki mweupe ndani. Vipande vya mbao vilikuwa chini, na kimoja mbwa alikuwa amekilalia.

Niliogopa. Nasema wazi. Nilishangaa kwamba bado naweza kuogopa, maana tangu nimzike mtoto wangu hakuna kilichokuwa kimenigusa. Moyo wangu ulirudi kwa mlango huo, basi. Si kwa furaha.

Mayu alitoka akipapasa. Hakuuliza kwa nini sisemi. Mkono wake ulipanda kwenye mwimo, ukaipata mikato, akaipitia mmoja baada ya mwingine, polepole, kama anavyokagua mlenda.

"Mbwa alisema kitu?"

"Hapana, mayu. Mimi silali sana. Ningesikia."

"Amepewa nini?"

"Kichwa cha samaki."

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Siku ya gulio kila nyumba ilinunua samaki wa Chato waliokaushwa, kila nyumba iliyokuwa na chochote. Balozi alikuja, akaangalia, mkono wake mmoja uko juu ya kichwa cha mbwa, mbwa amefumba macho kwa raha. Akasema labda ni watoto wanachezacheza.

"Watoto gani wa kimo hiki?" nikamwuliza.

Alisema ataitisha mkutano. Akaitisha, na mkutanoni wote walisikitika, wengine mpaka machozi.

Nilijaribu kumrudisha mbwa nyuma. Nikamfungia ndani, nikamwambia kila mtu asimpe kitu, nikamkalipia akitikisa mkia mtu akipita. Akawa ananitazama kama ninasema Kihindi. Watoto wanamwita kutoka njiani, analia, anachimba chini ya mlango mpaka kucha zinatoka damu. Mayu aliniambia niache. "Usimtese," akasema, "kula alikula kwao pia."

Mume wangu alikuja, na uamuzi ukafanyika bila kelele. Mayu ana mdogo wake wa kiume kule Chato, anayevua na kulima kidogo. Atakwenda huko. Hajawahi kuliona ziwa maishani mwake na sasa hatakuwa na macho ya kuliona. Nikafunga vitu vyake: kanga, chungu kidogo, kigoda, mbegu za mlenda kwenye kitambaa, kwa sababu alisema hajui kama huko wanao.

Lori la kwenda Kagongwa lilisimama mwisho wa mstari, na mstari wote ukatoka kumuaga. Wote, nasema. Walileta karanga, walileta kuku, mmoja alileta maziwa mgando kwenye kibuyu. Wanaume wawili walimwinua mayu na kumpandisha kwa upole kabisa, balozi akamshikia miguu. Mwanamke wa mapacha alilia kwa sauti. Na mbwa alikuwa katikati yao, amefurahi kama siku ya harusi.

Nilikuwa nimesimama chini ya ubao wa lori. Mayu aliinama, akatafuta bega langu kwa mkono, akalipata.

"Mwanangu, una macho. Mwangalie mbwa. Anakwenda kwa nani?"

Nikamwangalia. Namna nilivyomwangalia mbwa yule sijawahi kumwangalia kiumbe chochote, hata mtoto wangu akiwa kwenye homa. Nilitaka asite mahali. Nilitaka masikio yashuke kwa mtu mmoja, au anuse mkono mmoja zaidi ya mingine, au amwepuke mmoja tu. Alikwenda kwa wa kwanza akamnusa kiganja, akatikisa mkia. Akaenda kwa wa pili. Akampita balozi, akamramba. Akapita mstari mzima, mmoja mmoja, vile nilivyomfundisha, hakumruka mtu.

"Kwa wote, mayu."

"Haya," akasema. Akaniachia bega.

Lori likaondoka na mume wangu amekaa kando yake, amemshika kiuno asianguke. Vumbi likatulia. Watu walinipa pole, wakatawanyika. Nilikuwa nakwenda nyumbani, nyumba ya mtu mmoja sasa, jirani mmoja akanifikia kwa nyuma, akachuchumaa vizuri kama nilivyowaelekeza wote, akamkuna mbwa chini ya kidevu.

"Hongera, shemeji," akasema. "Umetulelea mbwa mzuri."

Nikamwambia ahsante, kwa sauti ya heshima, kwa sababu sikujua namwambia nani.